Mpira wa Manati: Usiuze Unene, Uza Unaomfaa Mteja

Leo naleta bidhaa ambayo wengi mnaiona ya kitoto: mpira wa manati. Najua kuna mtu ameshacheka. Cheka tu, ila soma mpaka mwisho, maana ni bidhaa ndogo inayozunguka haraka, haihitaji mtaji mkubwa, na wanaoiuza bila kuielewa ni wengi. Pale ambapo wenzako hawaelewi bidhaa, ndo pa wewe kupata wateja.

Mimi nina duka Ifakara. Nauza vifaa vya baiskeli, kamba, misumari, viroba na vitu vidogo vidogo vya shambani. Elimu yangu ni kidato cha nne. Haya ninayowaambia nimeyajua kwa kukata mpira, kuupima, kuuvuta na kusikiliza wateja.

Huku kwetu Kilombero ni mpunga. Mpunga ukifika hatua ya maziwa, yaani punje bado laini ukiiminya inatoa maji meupe, ndege hawalali na mwenye shamba halali. Kuanzia alfajiri watu wako shambani wanaamia ndege. Wapo wanaopiga madebe, wanaofunga kanda za kaseti, wanaosimamisha masanamu. Na wapo wenye manati. Hao ndio wateja wangu wakubwa. Wengine ni wanaofukuza tumbili na nyani kwenye mahindi, na vijana wachache wanaoshindana kulenga makopo jioni.

Sasa twende kazini.

1. JUA KWANZA UNACHOUZA

Mipira ya manati iko ya aina tatu hapa mtaani.

Ya kwanza ni vipande vya tyubu ya baiskeli au pikipiki. Hii ni rahisi, mafundi baiskeli wanaitupa kila siku. Tatizo ni kwamba tyubu nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa mpira wa butili. Butili ni mzuri sana kwa kuzuia upepo usitoke, ndo maana unawekwa kwenye tairi. Lakini ukiuvuta na kuuachia, unarudi kivivu. Nguvu uliyoivuta inapotelea humo humo ndani ya mpira. Kwa kufungia mzigo kwenye keria hauna mpinzani. Kwa manati ni wa kubahatisha.

Ya pili ni utepe bapa wa lateksi. Unarudi kwa kasi kubwa, ila unataka kukatwa kwa ustadi. Ukiacha kidonda kidogo tu pembeni wakati wa kukata, utapasukia hapo hapo.

Ya tatu ndiyo mada yetu: mpira wa mrija. Ni lateksi ya duara yenye tundu katikati, kama ule mpira ambao nesi anakufunga mkononi akitaka kutoa damu. Huu hauhitaji kukatwa pembeni, unakata urefu tu. Unadumu kuliko utepe, na mteja wa shambani anaweza kujifungia mwenyewe. Kwa duka dogo ndo wa kuanza nao.

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira. Miti yenyewe ipo hata kwetu, kuna shamba la Kalunga huku Kilombero na Kihuhwi kule Muheza. Utomvu mbichi ukikauka unanata kwenye joto na unakakamaa kwenye baridi. Ili uwe mpira wa kazi unapikwa na salfa, mambo ambayo Mmarekani Charles Goodyear aliyapatia hati miliki mwaka 1844. Kwa hiyo manati ni chombo cha juzi tu. Daudi alimpiga Goliathi kwa kombeo, ile kamba ya kuzungusha. Mpira wa kuvutika ulikuwa bado.

2. SOMA NAMBA, USIULIZE RANGI

Mteja atakuja kukuuliza, "Mwekundu upo? Mweusi je?" Rangi haikuambii nguvu ya mpira. Inayokuambia ni namba.

Mipira mingi ya mrija inayotoka China ina namba ya tarakimu nne: 1632, 2040, 1842, 1745, 2050, 3050, 3060. Wauzaji wengi wanaitamka tu kama jina. Maana yake ni rahisi. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa tundu, mbili za mwisho ni upana wa mpira wote kwa nje. Weka nukta katikati ya kila jozi unapata milimita. 2040 ina tundu la milimita 2.0 na upana wa nje milimita 4.0. 1745 ni tundu 1.7 na nje 4.5. 3060 ni tundu 3.0 na nje 6.0.

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Mteja anashika 3050 na 1745, anaona 3050 ni mnene zaidi, anasema nipe huu wenye nguvu. Kumbe ule mwembamba ndio wenye mpira mwingi, kwa sababu tundu lake ni dogo. Mteja anavuta mpira, havuti tundu.

Ukitaka kulinganisha, fanya hesabu hii ya darasa la sita. Chukua upana wa nje, zidisha kwa wenyewe. Chukua upana wa tundu, zidisha kwa wenyewe. Toa la pili kwenye la kwanza. Jibu kubwa lina maana ya mpira mwingi, mvuto mzito.

1632: jibu ni 7.7
2040: jibu ni 12
1842: jibu ni 14.4
3050: jibu ni 16
1745: jibu ni 17.4
2050: jibu ni 21
3060: jibu ni 27

Umeona? 3050 ina upana wa milimita 5 lakini imezidiwa na 1745 yenye 4.5. Andika orodha hii kwenye karatasi, ibandike ndani ya kaunta. Mteja akibisha, mfanyie hesabu mbele yake. Nakuhakikishia hatobisha tena, na atawaambia wenzake kwamba duka lile wanajua vitu.

3. PIMA MZIGO KWA MIZANI

Hesabu hiyo hiyo inakulinda ukienda kununua. Rola nyingi zinauzwa kwa mita 10. Nani anakunjua rola zote akapima kwa futi? Hakuna. Mizani ndogo ya dijitali inamaliza kazi.

Chukua lile jibu la hapo juu, zidisha kwa 7.3. Unapata uzito wa mita 10 za lateksi kwa gramu, takriban. Rola ya 2040 iwe karibu gramu 88. Ya 1842 iwe karibu 105. Ya 1745 iwe karibu 127. Ya 3060 iwe karibu 197. Ikipungua gramu mbili tatu sio kesi, viwanda havifanani. Lakini rola ya 1745 ikisoma gramu 95, jua moja kati ya mawili: mita hazijafika 10, au namba iliyoandikwa sio yenyewe. Usilipe kabla hujapata maelezo.

4. MAJARIBIO MATATU KABLA YA KUTOA HELA

Kuna siku nilikuwa Kariakoo, nikaingia duka moja la jumla. Muuzaji ananiambia, "Lateksi hii kaka, safi kabisa, na bei nimekushushia." Mpira wenyewe unang'aa, laini, unaona mpaka upande wa pili. Bei kweli ilikuwa chini. Nikamwomba kipande cha ncha nikatoka nacho nje. Dakika tano baadaye nikarudi nikamwambia asante, sichukui. Ilikuwa silikoni. Mtaji wangu wa safari nzima ungeishia pale.

Nilichofanya huko nje ni hiki.

Kuvuta. Weka alama mbili kwa kalamu, sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine. Vuta mpaka mpira ugome. Lateksi nzuri inafika sentimita 60 au inapita kidogo. Ukiachia, alama zinarudi palepale zilipokuwa. Ikigoma kwenye 30 au 40, sio mpira wa manati. Ile mipira ya plastiki ya mafundi ujenzi ya kupimia levo ndo kabisa, haivutiki.

Kukata. Tia kidonda kidogo kwa wembe pembeni ya kipande, halafu vuta taratibu. Silikoni inachanika mara moja kama karatasi. Lateksi inavumilia kabla haijaachia.

Kuchoma. Washa kiberiti nje, mbali na bidhaa za watu. Lateksi inawaka na moshi mweusi, harufu ni ya mpira unaoungua. Silikoni inaacha majivu meupe. Hapo hakuna ubishi tena.

Muuzaji akikukatalia kipande cha kujaribu, nunua kipande kifupi kwa hela yako. Ni nafuu kuliko kurudi nyumbani na rola kumi za hasara.

5. MSIKILIZE MTU ANAYEVUTA

Hii ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Mpira haufanyi kazi peke yake. Unafanya kazi na mkono wa mtu na kitu anachorusha.

Msimu uliopita alikuja mama mmoja, umri wa kumzaa mtu kama mimi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema moja kwa moja.

"Mwanangu, nipe mpira wa manati. Ule mnene kuliko yote."

"Wa kufanyia nini mama?"

"Ndege baba. Eka mbili nzima wanakula mbele ya macho yangu. Na hela ya kulimia nimekopa kikobani."

"Atakayevuta ni nani?"

"Nani tena? Ni mimi. Watoto wako shule."

Nikachukua panda ya maonyesho ninayoiweka dukani, imefungwa 3060. Nikamwambia avute mpaka shavuni bila kuweka jiwe, na bila kuuachia. Akavuta mpaka nusu, mikono ikaanza kutetemeka. Akacheka, akasema, "Huu wa wanaume." Nikamwambia hapana mama, hata wanaume wengi wanaununua kwa sifa tu.

Angalieni tatizo liko wapi. Mpira wa manati unatoa kasi yake ukivutwa karibu mara tano ya urefu wake. Ukivutwa mara mbili tu, hata uwe mnene kama mkono wa mtoto, kidonge kinaenda kivivu. Halafu mpira mnene una uzito wake wenyewe. Sehemu ya nguvu yako inatumika kuusukuma mpira, sio kidonge. Ndo maana mpira mnene na kidonge chepesi ni hasara mara mbili: umechoka, na ndege hajashtuka.

Yule mama nikampimia. Nikamwambia ashike panda kama anavyolenga, nikachukua futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye panda mpaka kona ya mdomo wake. Sentimita 70. Gawa kwa 5, unapata 14. Huo ndio urefu wa mpira ulio huru, kutoka panda mpaka kwenye ngozi. Nikamkatia 2040, sentimita 14 pamoja na 5 za kufungia, yaani 19 kila upande. Akavuta mpaka shavuni bila shida.

Kwa 3060 ningepata hela zaidi siku ile, maana bei yake iko juu. Lakini ningemuuzia kitu ambacho asingekitumia, na mpunga wake ungeliwa huku manati iko mkononi. Baada ya wiki mbili alirudi na majirani zake wawili wa shamba. Kila mmoja nilimpima wa kwake.

Kanuni iwe hii:

Pima umbali wa mvuto wa mteja. Gawa kwa 5 kama anataka kasi. Gawa kwa 4 kama anataka mpira udumu zaidi na mvuto uwe mwepesi. Usigawe kwa 6, hapo mpira uko mwisho wa uvumilivu wake na utakatika mapema.

Kisha uliza anarusha nini. Kwa mpira mmoja kila upande, 1632 ni ya kujifunzia na ya vidonge vidogo. 2040 inafaa gololi ya chuma ya milimita 8, yenye gramu 2 hivi, au kidonge cha udongo cha ukubwa huo wa uzito. 1842 na 1745 zinafaa gololi ya chuma ya milimita 9.5, yenye gramu 3 na nusu. Gololi ya kioo ya kuchezea watoto ni gramu 5 hivi, hiyo inataka 1745 iliyokunjwa ikawa miwili kila upande, au 3060, na mtu mwenye mikono ya kazi.

6. VIDONGE VYA UDONGO, USIVIDHARAU

Wengi wanarusha kokoto kwa sababu ni za bure. Kuna mambo mawili. Kwanza, kokoto hazifanani, moja nzito nyingine nyepesi, moja ina pembe. Kila moja inaenda kivyake na mtu anasema mpira mbovu. Pili, kokoto ulizorusha kwenye mpunga msimu mzima zinabaki shambani. Siku ya kuvuna na kupiga mpunga chini zinaingia kwenye gunia. Halafu mnunuzi anakwambia mchele wako una mawe na anashusha bei.

Udongo wa mfinyanzi ukifinyangwa vidonge vya ukubwa mmoja na kuanikwa, unapata risasi za bure zinazofanana. Vikianguka kwenye jaruba lenye maji vinalainika vinarudi kuwa udongo. Mimi siuzi vidonge hivyo, sipati hata shilingi. Lakini mteja ninayempa ushauri huu analenga vizuri, anausifia mpira, na anarudi kununua mwingine.

Na tuambiane ukweli. Manati inashtua ndege, inawanyanyua, inamlinda mtu mwenye eka mbili tatu. Likija wingu la kweleakwelea, hakuna manati ya kulizuia. Hapo mwambie mteja akimbie kwa afisa ugani mapema, sio aje kwako kununua mpira wa pili.

7. UZA JOZI, USIUZE KIPANDE

Mpira ukikatika upande mmoja, mteja anakuja kutaka kipande kimoja. Usimpe kimoja. Ule wa zamani umeshachoka na umelegea kidogo. Akiuchanganya na mpya, upande mmoja unavuta kuliko mwingine na kidonge kinakwenda pembeni. Mweleze hivyo, atakuelewa. Jozi inabadilishwa jozi.

Hesabu ya biashara nayo inakaa vizuri kwenye jozi. Tuchukue mfano wa yule mama: sentimita 38 kwa jozi. Rola ya mita 10 inatoa jozi 26 na kipande kidogo kinabaki. Mteja mwenye mikono mirefu anatumia sentimita 42 au 44, unapata jozi 22 au 23. Tuseme rola umeinunua 12,000 pamoja na nauli yake, na jozi unauza 1,000. Jozi 22 ni 22,000. Weka bei zako za kwenu, ila piga hesabu kwa jozi 22, usipige kwa 26. Zikizidi ni bahati yako.

Kipande kinachobaki kisitupwe. Kikate pete nyembamba, hizo ndizo za kufungia mpira kwenye ngozi. Mpe mteja pete nne bure. Usimwache akafunge kwa uzi wa nailoni unaokata mpira, wala waya wa shaba. Waya unakata, na shaba yenyewe inaozesha mpira wa asili.

8. TUNZA STOO YAKO

Adui wa lateksi ni jua, joto na mafuta. Sasa angalia wenzetu wanavyofanya: rola wanazining'iniza mlangoni ili zionekane, jua la saa nane linapiga, pembeni kuna dumu la mafuta ya taa. Ndani ya miezi michache mpira una nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Mteja akiuvuta unamkatikia, na lawama zote ni zako.

Mimi ninaweka kwenye kopo la bati la maziwa lenye mfuniko, nalipaka poda kidogo ndani ili mipira isigandane, nalisukumia rafu ya chini mbali na bati la paa. Mlangoni naning'iniza kipande kimoja tu cha maonyesho, ambacho hakiuzwi. Kila rola naandika tarehe niliyoinunua, ya zamani inatoka kwanza. Na sinunui ya zaidi ya msimu mmoja. Huu sio msumari kwamba utakaa miaka.

Mwambie na mteja: akimaliza kazi asiache mpira umevutwa wala manati juani. Ukichafuka aoshe kwa maji na sabuni kidogo, aukaushe kivulini. Mafuta ya kula, grisi na petroli visisogee.

9. JICHO HALINA SPEA

Nina mteja mmoja ana kovu juu ya nyusi. Alikuwa anatumia mpira wa tyubu kuukuu, siku hiyo ukakatikia kwenye panda. Kovu liko upana wa kidole kutoka kwenye jicho.

Elewa inavyokuwa. Mtu amevuta, ngozi iko shavuni. Mpira ukikatikia kwenye ngozi, unarukia mbele kwenye mkono ulioshika panda. Unauma, basi. Ukikatikia kwenye panda, ncha inarudi nyuma kwa kasi yote, na nyuma kuna uso. Kwa hiyo fundo la kwenye panda ndilo la kukaguliwa kwanza, kila siku kabla ya kazi. Ukiona ufa, weupe usio wa kawaida au sehemu imekonda, jozi imekwisha. Panda nayo, iwe ya mpera au ya chuma, isuguliwe kwa msasa mpaka kusiwe na ukingo mkali pale mpira unapogusa.

Ninauza pia miwani ya kinga, ile ya plastiki ya mafundi. Sio kila mtu ananunua, lakini kila mtu namwambia.

Wa kutouziwa nao wapo. Mtoto akija peke yake namwambia arudi na mzazi wake. Mtu anayesema wazi anaenda kuwinda porini simuuzii. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, na huku kwetu hifadhi ya Udzungwa iko jirani. Elfu moja ya jozi haina thamani ya kuitwa shahidi.

KWA KUMALIZIA

Ukitaka kuanza, usijaze stoo. Chukua rola mbili za 2040 na mbili za 1745. Nunua futi ya cherehani, mizani ndogo, wembe na kopo la bati. Tengeneza panda moja ya maonyesho. Halafu mteja wa kwanza akikwambia "nipe mnene kuliko yote", usikimbilie kukata. Mwambie anyooshe mkono umpime.

Wewe huko uliko wateja wako wa manati ni wa mpunga, mtama au mahindi? Na wanavuta mpira gani? Andika hapo chini tujifunze. Kuna mwenzako mwenye duka la vifaa vya baiskeli anayetupa hela kwa kutojua haya, mtumie asome.

Biashara njema.